Istilahi za Kupima Moyo kwa Mawimbi ya Sauti

Mfasiri wa fomu ya ridhaa ya hospitali humwandikia mtu asiyemwona. Tumfikirie mkazi wa Mlandege, mjini Iringa, anayetakiwa kutia saini ili moyo wake upimwe kwa ultrasaundi. Makala hii yaeleza dhana mbili zilizomo katika fomu kama hiyo, na maneno yanayozifaa.

Dhana ya kwanza ni kiasi cha damu isukumwayo na moyo kwa dakika. Moyo ukitoa mililita 70 kwa kila pigo, na kupiga mara 70 kwa dakika, husukuma lita 4.9. Kipimo hiki hutumia sauti yenye mitetemo inayozidi 20,000 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliisikii. Sauti hiyo ikigonga damu iendayo, hurudi ikiwa na idadi tofauti ya mitetemo. Badiliko la namna hiyo lilielezwa na Christian Doppler mwaka 1842, nalo hudhihirisha kasi ya damu. Kutokana na kasi hupatikana umbali uendwao na damu kwa kila pigo. Umbali huo ukizidishwa kwa eneo la mkato wa mshipa, hupatikana ujazo.

Mfasiri mwenye haraka huweza kuandika "shinikizo la damu". Kosa hilo si dogo. Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi huweza kuwa na shinikizo la kawaida kwa muda, kwa kuwa mishipa yake imejibana, ilhali damu isukumwayo imekwisha pungua. "Mtoko wa damu" nao hauna budi kuepukwa, maana msomaji atadhani anatokwa na damu. Twapendekeza "ujazo wa pigo" na "ujazo wa moyo kwa dakika". Kijerumani nacho huunganisha maneno hayo matatu: moyo, dakika, ujazo.

Dhana ya pili yahusu namna ya kupima. "Kipimo kisichoingilia mwili" chakiuka adabu, kwani kumwingilia mtu kuna maana nyingine. "Kisichopenya" si kweli, kwa sababu mawimbi hupenya. "Kisichotoboa" hakitoshi: kifaa kipitishwacho kooni hakitoboi, lakini kimo mwilini. Twapendekeza "kipimo kisichotia kifaa mwilini". Ni kirefu, lakini mgonjwa ataelewa anachokubali.

Wafasiri na walimu waombwa kuyajaribu maneno haya, kisha watuletee maoni yao.