Msumbiji: Sinema Iliyokwenda kwa Wananchi

Msumbiji ilipopata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975, zaidi ya watu tisa katika kila kumi hawakujua kusoma wala kuandika. Magazeti yalikuwa machache, nayo yaliandikwa kwa Kireno, lugha ambayo wakulima wengi wa Niassa na wavuvi wengi wa Cabo Delgado hawakuielewa. Majumba ya sinema yalikuwapo, lakini yalijengwa mijini, na filamu zilizoonyeshwa humo zilipita kwanza mikononi mwa wakaguzi wa serikali ya kikoloni. Mwananchi hakuwa na nafasi katika filamu hizo ila ya mtumishi au ya pambo.

Mwaka 1976 serikali mpya iliunda Taasisi ya Taifa ya Sinema. Kwa mtu wa mawazo ya juujuu, jambo hilo laweza kuonekana kuwa ni anasa. Walowezi walikuwa wameondoka kwa wingi pamoja na ufundi wao, hospitali hazikuwa na madaktari wa kutosha, na majeshi ya Rhodesia yalikuwa yakiushambulia mpaka wa magharibi. Sinema ya nini katika hali kama hiyo?

Jibu lake limo katika historia ya vita vya ukombozi. FRELIMO, kilichoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 na kuwafundisha wapiganaji wake Nachingwea, kilijua uzito wa picha. Wakati serikali ya Ureno ilipoutangazia ulimwengu kwamba nchi yote imo mkononi mwake, wapiga filamu wa kigeni walipitia Tanzania, wakavuka Mto Ruvuma pamoja na wapiganaji, wakarudi na picha za shule, zahanati na mashamba ya sehemu zilizokombolewa. Mmojawapo alikuwa Mmarekani Robert Van Lierop, ambaye filamu yake ya mwaka 1971, A Luta Continua, ilionyeshwa katika mikutano ya kuwaunga mkono wapigania uhuru huko ng'ambo. Mreno alikuwa na ndege na mizinga, lakini hakuwa na jibu kwa picha hizo.

Baada ya uhuru, kazi ilikuwa kuwaonyesha wananchi wa Msumbiji nchi yao wenyewe. Taasisi hiyo ilianzisha filamu ya habari iliyoitwa Kuxa Kanema. Jina hilo liliunganisha neno la lugha ya Kironga ya kusini na neno la Kimakua cha kaskazini, na maana yake ni kuzaliwa kwa sinema. Msemaji wa Kiswahili hawezi kukosa kuusikia undugu wa neno la kwanza, ambalo hutamkwa "kusha", na neno lake la "kucha", yaani mapambazuko. Filamu za kwanza zilitoka mwaka 1978, lakini upungufu wa vifaa na mafundi ulizikatiza. Tangu mwaka 1981 zikawa zinatolewa kila juma, kila moja ikichukua muda wa kama dakika kumi. Zilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa sababu utepe wa namna hiyo uliweza kusafishwa mjini Maputo bila ya kupelekwa nchi za nje.

Kwa wakazi wa vijiji visivyokuwa na jumba la sinema, magari ndiyo yaliyobeba sinema. Gari lilichukua mtambo wa kuonyeshea picha, jenereta na turubai jeupe. Turubai likatundikwa uwanjani, giza likasubiriwa, na kijiji kizima kikaketi chini. Watu ambao hawajapata kuiona Maputo wakauona mji mkuu wao. Mtu wa kaskazini akamwona mwenziwe wa kusini akivuna, akichimba, akilinda mpaka. Taifa, ambalo hadi hapo lilikuwa neno la kwenye hotuba, likapata sura.

Filamu iliyoeleza jambo hili vizuri kuliko nyingine ni ile ya Ruy Guerra, mzaliwa wa mji mkuu huo, iliyotoka mwaka 1979 na kuhusu mauaji ya Mueda. Tarehe 16 Juni 1960, wananchi wa nyanda za Wamakonde walikusanyika mbele ya ofisi ya mtawala wa Kireno ili wasikie majibu ya madai yao. Wasemaji wao, Faustino Vanomba na Kibiriti Divane, walikuwa wametoka Tanganyika, ambako Wamakonde wengi walikwenda kutafuta kazi. Wasemaji hao walikamatwa, umati ukalalamika, na askari wakaamriwa kupiga risasi. FRELIMO kilihesabu waliokufa kuwa kama 600. Wanahistoria wengine wanaibishia idadi hiyo, lakini hakuna anayebisha kwamba watu wasiokuwa na silaha waliuawa siku ile.

Ruy Guerra hakuleta wachezaji kutoka mbali. Wakazi wa Mueda wenyewe walikuwa na desturi ya kuuigiza mkasa huo, papo hapo mahali ulipotokea, wengine wakijifanya Wareno na wengine wakiwa wazee wao waliouawa. Yeye aliweka kamera akapiga picha mchezo huo pamoja na maelezo ya walionusurika. Kwa askari yeyote filamu hiyo ina fundisho. Risasi za siku ile zilidhaniwa kuwa zimemaliza fujo. Kwa kweli zilimaliza imani ya watu kwamba haki yaweza kupatikana kwa maneno, na miaka minne baadaye, Septemba 1964, vita vya ukombozi vikaanza katika jimbo hilo hilo.

Sinema ya vijijini haikudumu. RENAMO, iliyoundwa kwa msaada wa idara ya ujasusi ya Rhodesia na baada ya mwaka 1980 ikalelewa na Makaburu wa Afrika Kusini, ilifanya barabara za Msumbiji kuwa mitego. Pasipo na usalama barabarani gari la sinema haliendi, na wala watu hawathubutu kukusanyika uwanjani usiku. Wanajeshi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, waliokuwako Msumbiji hadi mwaka 1988, waliiona hali hiyo kwa macho yao. Mkataba wa amani ulipotiwa saini mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, Kuxa Kanema ilikuwa imekwisha kufa. Moto ulikuwa umeliunguza jengo la Taasisi hiyo Februari 1991. Sehemu kubwa ya filamu iliokolewa, ikabaki kupambana na joto na unyevu.

Hata hivyo hesabu ya haki hutaja pia yale ambayo kamera za serikali hazikuyaonyesha. Licínio Azevedo, Mbrazili aliyefanya kazi katika Taasisi hiyo, alitoa mwaka 2012 filamu iitwayo Virgem Margarida. Yaeleza jinsi, mara baada ya uhuru, wanawake waliotuhumiwa umalaya walivyozolewa mitaani na kupelekwa katika makambi ya porini ili wafundishwe upya. Miongoni mwao yumo msichana wa shamba aliyekuja mjini kununua vitu vya arusi yake, naye akakamatwa kwa kuwa hakuwa na karatasi mkononi. Mchezo huo ni wa kubuniwa, lakini makambi hayo yalikuwapo kweli. Serikali yaweza kuchagua la kuonyesha kwenye turubai, lakini haiwezi kuwafanya watu wasahau waliyoyaona kwa macho.

Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado imekuwa tena katika vita, mara hii na magaidi walioanza kwa kushambulia Mocímboa da Praia. Mueda, mji wa filamu ile, umepokea maelfu ya waliokimbia makwao. Wanajeshi wa Rwanda walikwenda huko Julai 2021, pamoja na wale wa nchi za SADC, Tanzania ikiwamo, ambao kazi yao ilimalizika Julai 2024. Magaidi nao wanazo picha zao, na hawahitaji gari wala turubai. Simu ya mkononi inawatosha.

Picha hizo hazitashindwa kwa bunduki peke yake, wala kwa kupiga filamu nyingi zaidi. Kijana wa kijiji cha mpakani hulinganisha anachoonyeshwa na anachokiona kila siku: jinsi mlinzi wa kizuizini anavyomwamkia mama yake, jinsi polisi anavyomsikiliza mwenye madai, jinsi doria inavyopita shambani bila ya kuchuma kisichokuwa chake. Hiyo ndiyo picha anayoitazama mchana kutwa, naye ataiamini kuliko yoyote atakayoonyeshwa usiku.