Divai ya Kale na Malimba ya Zawose

Ukipata nafasi leo baada ya Misa, tafuta albamu mbili za mwana wa Ugogo, marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma aliyefariki Bagamoyo Desemba 2003. Moja ni Chibite, ya mwaka 1996: malimba, zeze na sauti za watu. Ukifumba macho unaliona vumbi letu. Nyingine ni Assembly, ya 2002, aliyoifanya na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Humo gitaa la umeme na mitambo ya studio vimeingia kati ya malimba. Huenda ukasema mzee ameuza urithi. Mimi mwenyewe naipenda zaidi Chibite, sifichi. Lakini rudia kusikiliza: koo ni lile lile, na malimba hayajanyamaza.

Nayasema haya kwa sababu ya ugomvi ulioingia katika kwaya moja hapa Majengo. Toleo lao la kwanza waliimba kwa ngoma na kayamba. La pili wameweka kinanda na gitaa la besi. Baadhi ya wazee wamehama benchi, na wapo wasiopeana tena mikono wakati wa kutakiana amani. Hapo ndipo ninapoogopa. Kinanda hakimzuii mtu kukomunika vizuri, kinyongo kinamzuia.

Tena, ngoma inayotetewa leo nayo iliwahi kuachwa nje ya mlango katika makanisa mengi ya misioni. Ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya Desemba 4, 1963, uliotaka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima inayoustahili. Hilo ni namba 119. Namba 120 inasifu kinanda cha mabomba!

Katika Luka sura ya 5, baada ya habari ya viriba, Yesu anaongeza neno ambalo mapadre tunaliruka mara nyingi: aliyekwisha kunywa divai ya kale hatamani ile mpya. Simsikii akimkemea mtu huyo. Sisi wa Dodoma, tunaolima zabibu, tungepaswa kumwelewa.

Nimeombwa niamue kinanda kibaki au kitoke. Jumatano jioni wazee na vijana hao watakaa chumba kimoja, na kabla mtu hajasema lolote tutamsikiliza Zawose, Chibite kwanza, kisha Assembly. Wazee ndio watakaoanza kuzungumza.