Chakula cha Siku Moja





Katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ametaja mambo matatu ambayo mwenye kuamka nayo ni kama aliyekusanyiwa dunia yote: amani, afya ya mwili, na chakula cha siku ile. Tuzingatie vizuri. Hakutaja chakula cha mwaka, bali cha siku. Wangapi katika sisi tumeamka leo tunavyo vyote vitatu, na huku nyuso tumezikunja?

Asije mtu akadhani kwamba tunahimiza uvivu. Imethibiti katika Bukhari kwamba Mtume akiwawekea watu wa nyumbani mwake chakula cha mwaka, kutokana na mitende ya Bani Nadhir. Basi akiba ni kazi ya mkono, wala haina lawama. Kinacholaumiwa ni moyo kuhamia kesho, ukaiacha neema ya leo bila ya shukrani.

Na jana nayo ina mtego wake, nao ni neno fupi: lau. Katika Sahihi Muslim, Abu Huraira amepokea kwamba tumekatazwa kulisema tunapofikwa na msiba, kwani humfungulia Shetani kazi yake. Tunawajua wazazi waliofiwa na mtoto, na kila usiku husema: lau tungalimpeleka hospitali siku moja kabla! Hatuwalaumu, ni nani asiyelijua neno hilo? Lakini halimrudishi aliyekwenda, na watoto waliobaki huishi na wazazi ambao nyoyo zao haziko nyumbani. Wanavyuoni wameeleza kuwa si kila lau imekatazwa. Mtume mwenyewe aliitumia katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijiria, kuwafundisha watu jambo la ibada. Iliyokatazwa ni ile ya kuipinga kadari.

Mazoezi ya kuurudisha moyo tumepewa mara tano kila siku. Na sisi tunaowahutubia, pamoja na kusoma kwetu, mara nyingi tunaleta takbiri huku tunahesabu madeni. Katika madhehebu ya Imam Shafi, kutulia katika rukuu na sijda ni wajibu. Asiyetulia, sala yake haisihi. Basi tuanze na Alasiri ya leo: tusinyanyuke kutoka sijda ya kwanza mpaka kila kiungo kimetua mahali pake, na moyo pamoja navyo.