Je, Wajua? Begi kubwa la safari ndefu

Je, wajua kwamba mashirika mengi ya ndege hupima begi la kukabidhi kwa kujumlisha urefu, upana na kina chake, na jumla hiyo haitakiwi kuzidi sentimita 158? Magurudumu na mishikio huhesabiwa pia, kwa hiyo nenda dukani na tepu yako.

Linalosahaulika zaidi ni uzito wa begi lenyewe. Tiketi nyingi za daraja la kawaida huruhusu kilo 23 kwa begi moja. Ukinunua lenye kilo 5 likiwa tupu, zimebaki 18 tu za nguo na zawadi za nyumbani. Na hata ukiwa tayari kulipia ziada, mara nyingi begi moja likizidi kilo 32 halipokelewi. Kikomo hicho ni cha haki kabisa, kwani kinalinda migongo ya wapakiaji.

Begi la magurudumu lenyewe si la zamani: Mmarekani Bernard Sadow alipata hataza yake mwaka 1972. Magurudumu manne huteleza vizuri kwenye sakafu ya uwanja wa ndege, lakini kwa anayeshukia stendi yenye kokoto, mawili makubwa ndiyo bora.

Kagua pia zipu, maana ile dhaifu hufunguliwa kwa ncha ya kalamu tu. Na tafadhali, pawabenki usiiweke humo kamwe. Hairuhusiwi kwenye mizigo ya kukabidhi, kwa sababu betri yake inaweza kuwaka moto; ibebe mkononi.