Nambari za Aloi na Maana Zake

Fundi akiwekewa mezani vipande viwili vya feleji, kimoja cha nambari 1020 na kingine 1045, macho hayatamsaidia kuvitofautisha. Rangi ni moja, uzito ni ule ule, na vyote huvutwa na sumaku. Lakini akivichomelea kwa umeme, cha kwanza kitaungana vyema. Cha pili, kisipopashwa moto kwanza na kuachwa kipoe polepole, chaweza kupasuka kando ya mshono.

Sababu imo katika nambari. Katika utaratibu wa Chama cha Wahandisi wa Magari cha Marekani (SAE), tarakimu mbili za mwanzo hutaja ukoo wa feleji, na zinazofuata hutaja kiasi cha kaboni kwa sehemu za mia za asilimia moja. Ukoo wa 10 ni feleji ya kaboni isiyotiwa metali nyingine makusudi. Basi 1045 ina kaboni kiasi cha asilimia 0.45, na 1020 asilimia 0.20. Kadiri kaboni inavyozidi, ndivyo feleji iliyopozwa ghafla inavyokuwa ngumu na kuvunjika upesi. Na chuma baridi kinachozunguka mshono huupoza ghafla. Ukoo wa 41 umetiwa kromiamu na molibdenamu. 4140 hufaa kwa mihimili ya mitambo. Feleji ya beringi, 52100, ina tarakimu tano kwa kuwa kaboni yake hufika asilimia 1.00.

Mwanafunzi asiipeleke kanuni hiyo kwenye alumini. Utaratibu wake, uliowekwa Marekani mwaka 1954, pia una tarakimu nne, ila ile ya kwanza ndiyo itajayo kiungo kikuu: 2 ni shaba, 3 manganizi, 5 magnesiamu, 6 magnesiamu pamoja na silikoni, 7 zinki. Tarakimu mbili za mwisho hupima kitu katika kundi la 1 tu: 1050 ni alumini safi kwa asilimia 99.50. Katika 3003, ambayo hutengenezewa sufuria, hizo 03 ni jina tu.

Tena nambari pekee haitoshi. Mwaka 1906, huko Ujerumani, Alfred Wilm aligundua kwamba aloi ya alumini yenye shaba, ikichovywa majini ingali moto, huendelea kuwa ngumu kwa siku kadhaa ikiwa imekaa tu. Ndiyo maana alumini huandikiwa pia hali yake. 6061-O, iliyolainishwa kwa moto, huanza kurefuka bila kurejea kwa mkazo wa megapaskali 55 hivi; 6061-T6, yenye viungo vile vile, hustahimili hadi karibu 275. Anayeagiza 6061 bila kutaja hali yake ameagiza nusu.

Feleji isiyoshika kutu, kwa maoni yetu, ndiyo yenye nambari zisizo na huruma kwa mwanafunzi. 304 na 316 hazitaji kiasi chochote, sharti zikaririwe. Ya kwanza ina kromiamu asilimia 18 na nikeli 8 hivi. Ya pili huongezwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3, nayo huvumilia zaidi chumvi ya bahari.

Mara nyingi nambari, au rangi iwakilishayo aina ya chuma, huwekwa kwenye ncha moja ya nondo. Katika karakana ya shule, kateni kuanzia ncha ya pili, ili kipande cha mwisho kubaki ghalani kiwe kile chenye alama.