Je, Wajua? Gemu Yako ya Zamani Yaweza Kung'aa Bila Kuinunua Tena

Kabla hujanunua "toleo jipya" la gemu uliyoimaliza zamani, jiulize kazi iliyoiboresha imefanywa na nani: wasanii walioketi wakaichora upya, au mashine unayoimiliki tayari?

Chukua Red Dead Redemption ya mwaka 2010. Aprili 2018, mwenye diski yake ya Xbox 360 aliitia kwenye Xbox One X, akapakua kifurushi chake, akaiona nyika yote kwa 4K bila kuongeza hata senti. Agosti 2023 gemu hiyohiyo ikaletwa PS4 na Switch kwa dola 49.99. Ilitoka ikiwa na fremu 30 tu kwa sekunde, na sehemu ya kucheza na wenzako mtandaoni ilikuwa imeondolewa.

Hiyo ya bure iliwezekanaje? Ndani ya Xbox za baadaye imo programu inayoiga Xbox 360 nzima. Gemu inapoagiza picha ya pikseli 1280 kwa 720, programu hiyo hulidaka agizo njiani, ikazidisha upana mara 3 na urefu mara 3. Picha huchorwa upya ikiwa na pikseli mara 9, na gemu yenyewe haina habari. Msimbo wake haukuguswa. Nyuso na mawe hubaki vilevile vilivyochorwa, ila kingo zake sasa zimenyooka kama wembe.

Kuongeza kasi ya fremu ndiko kwenye mitego, kwa sababu gemu kadhaa huhesabu muda kwa fremu. Dark Souls II ilipoingia kwenye kompyuta mwaka 2014 ikiwa na fremu 60 badala ya 30, silaha zilianza kuchakaa haraka kupita kiasi. Uchakavu ulikuwa umefungwa kwenye fremu, kwa hiyo pigo lilelile likaligharimu panga maradufu, na marekebisho hayakuja hadi mwaka uliofuata. Huenda ndiyo maana Microsoft ilipoleta FPS Boost, mfumo wa Xbox wa kuongeza fremu za gemu za zamani, Februari 2021, ilianza na gemu 5 tu, na baadaye ikampa mchezaji uwezo wa kuizima.

Sisemi kila kitu kiwe bure. Bluepoint waliijenga upya sura nzima ya Shadow of the Colossus mwaka 2018, na jasho lile lilistahili malipo. Kinachoniudhi ni kampuni kuficha la zamani ili liuzike jipya. Oktoba 2021 Rockstar iliondoa madukani nakala za kidijitali za GTA tatu za mwanzo wa miaka ya 2000, kisha Novemba ikatoa mkusanyiko uliojaa kasoro hadi ikalazimika kuomba radhi. Na hasara ni kubwa kuliko hizo tatu: utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena kwa kununuliwa. Diski ya zamani ni kumbukumbu. Usiitupe wala usiiuze kwa bei ya kutupa.

Kwa wenye gemu hizi tayari: The Witcher 3, maboresho ya PS5 na Xbox Series ni bure tangu Desemba 2022, Horizon Zero Dawn ya PS4, dola 10 kuhamia toleo la 2024, The Last of Us Part II, vilevile dola 10.