Wasanii wa Kilombero na Soko la Mtandaoni (Sehemu ya Pili): Jina Litangulie Kazi

Mkeka wa ukindu ukitoka Ifakara, mji wa bonde la Kilombero, kwa basi, ukapita mikononi mwa wachuuzi wawili watatu na kufika dukani Dar es Salaam, hakuna tena ajuaye ni nani aliyeusuka. Mnunuzi anaulipia, anaupenda, na siku akitaka mwingine wa aina ile ile hana pa kuulizia. Msukaji naye hana habari kwamba kuna mtu anamtafuta.

Katika sehemu ya kwanza nilieleza namna msanii anavyopiga hesabu ya malighafi na siku zake za kazi ili bei isimwachie hasara. Leo naingia kwenye tovuti na blogu. Nianze na jambo ambalo wengi wanaojitolea kuwasaidia wasanii hulipita haraka mno: ukurasa wa mtandaoni, kabla ya kuuza chochote, unatakiwa kulifunga jina la mtengenezaji na kazi yake pamoja, visiachane tena. Hilo likifanyika vizuri, wanunuzi wanakuwa na mahali pa kufika.

Hapa nchini tunao mfano mkubwa wa kujifunzia. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Msasani, Dar es Salaam, mwaka 1968, akitumia vipande vya ubao wa masonite na rangi za kupakia baiskeli. Alichora kwa miaka minne tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafariki. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, wakaunda kikundi mwaka 1977, na mwaka 1990 kikawa ushirika wenye makao yake Oysterbay, jijini humo humo. Jina la mwalimu wao limefika mpaka Japani, ambako michoro ya mtindo wake ina wapenzi wengi. Lakini wachoraji waliokuja baada yake, ambao ni wengi mno, wanajulikana na wachache. Andika neno Tingatinga kwenye Google, utaletewa picha chungu nzima za twiga, tembo na pundamilia, na nyingi kati ya hizo hazisemi nani alishika brashi. Mtindo umepata umaarufu, mchoraji amebaki gizani. Mnunuzi asiyemjua mchoraji hutazama bei tu, na bei ikiwa ndicho kipimo pekee, anayeumia ni fundi.

Kwa hiyo kijana wa Ifakara anayechora twiga, akaweka picha yake mtandaoni bila neno la ziada, anaingia kwenye foleni ndefu sana. Bahati nzuri, anaishi mahali penye vitu vilivyo adimu kwingine duniani. Yupo ndege aina ya kwera, mdogo, mwenye manjano kifuani na weusi usoni, anayejenga viota kwenye matete ya kando ya mto Kilombero. Wanasayansi walimtambulisha rasmi mwaka 1990 kwa jina la Ploceus burnieri, na hapatikani popote duniani nje ya bonde hili. Wapenzi wa ndege kutoka Ulaya na Marekani hufunga safari mpaka Ifakara kwa ajili yake, kisha wakirudi kwao huandika na kutafuta habari zake. Yupo sheshe, swala wa mbuga zenye maji, ambaye kundi lake kubwa kuliko yote Afrika lilikuwa hapa Kilombero, na ambaye sasa amepungua sana. Bonde lenyewe limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu tangu mwaka 2002. Upande wa pili kuna milima ya Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992, na watalii wanaoshukia Mang'ula kupanda maporomoko ya Sanje.

Mchoraji akimchora kwera huyu, akaandika chini ya picha jina la Kiswahili, jina la Kiingereza na lile la kisayansi, pamoja na neno Ifakara, atakuwa amejiweka njiani mwa mtu ambaye tayari anatafuta kitu hicho hicho. Hana haja ya kushindana na Oysterbay nzima.

Hapa inafaa kueleza namna mitambo ya kutafutia habari inavyofanya kazi, maana wengi hudhani picha nzuri inatosha. Google hutuma programu zinazopita kurasa moja baada ya nyingine na kusoma maandishi yake: kichwa cha ukurasa, maneno yaliyo jirani na picha, hata jina la faili la picha. Mashine imeanza kutambua vilivyomo pichani, inaweza kuona kwamba huu ni mkeka. Haiwezi kuona kwamba umesukwa kijiji cha Lupiro, wala kwamba msukaji alijifunza kwa bibi yake. Hayo lazima yaandikwe. Faili lililoitwa IMG_0047 halimwambii mtu kitu. Likiitwa mkeka-ukindu-ifakara linaanza kufanya kazi.

Tazama maelezo tunayoyaona kila siku kwenye makundi ya WhatsApp: "Mkeka mkali, bei maelewano, njoo inbox." Sasa yalinganishe na haya niliyoyatunga kwa ajili ya mfano: "Mkeka wa ukindu, sentimita 180 kwa 120, umesukwa Ifakara, bonde la Kilombero. Vipande kumi na viwili vya ukili vimeshonwa kwa mkono. Wekundu na zambarau ni rangi iliyochemshwa pamoja na ukindu; sehemu nyeupe ni ukindu wenyewe, uliochanwa na kuanikwa juani. Usifuliwe kwa maji ya moto. Futa kwa kitambaa chenye unyevu. Bei yake ni hii, na kuutuma mpaka Dar es Salaam ni kiasi hiki." Kisha jina kamili la msukaji, na namba ya biashara. Anayesoma maelezo haya anajua kitu kitatosha wapi chumbani mwake, anajua kwa nini kina bei ile, na anajua atakitunzaje. Nasisitiza bei iandikwe. Anayetazama usiku akiwa Dodoma au Muscat hataanza mazungumzo ili tu aulizie bei. Atahamia ukurasa mwingine.

Picha nayo ina adabu yake. Simu ya kawaida yenye kamera safi inatosha. Piga asubuhi, kivulini, nje, bila taa ya simu, kitu kikiwa mbele ya ukuta mweupe au shuka isiyo na maua. Piga kitu kizima kikiwa kimenyooka, halafu sogea upige pindo, mshono, au sahihi ya mchoraji kwa karibu sana. Piga mara moja ukiwa na mtu ameshika kazi hiyo, ili ukubwa uonekane. Usiongeze rangi kwa programu za urembo, kwa sababu mteja akipokea kitu chenye rangi tofauti na ile aliyoiona, amepotea moja kwa moja.

Je, yote haya si yanawezekana Instagram na Facebook? Yanawezekana, na msanii asiache kuzitumia, kwa sababu wanunuzi wengi wa Tanzania wako huko. Ila kule picha ya leo inasukumwa chini na za kesho, na akaunti inaweza kufungwa au kudukuliwa. Blogu au tovuti inabaki, na maandishi ya mwaka juzi bado yanapatikana kwa anayetafuta. Mpiga picha Issa Michuzi alipoanzisha blogu yake mwaka 2005 aliwaonyesha Watanzania nguvu ya jambo rahisi: picha mpya, maelezo mafupi, na kurudia bila kuchoka. Wasomaji walijenga mazoea ya kurudi. Kwa msanii, kazi moja mpya kila wiki yenye maelezo kamili inashinda kurasa ishirini zilizojazwa siku moja kisha zikaachwa. Blogger, huduma ya blogu ya Google, haidai malipo ya kufungua. Anwani inayoishia na .co.tz hulipiwa kila mwaka, na kikundi kama cha akinamama wanaofuma vitambaa vya pamba mjini Ifakara kinaweza kuchangishana.

Nina neno kwa wanaosaidia. Nimeona tovuti nzuri za vikundi zikizimika mwaka mmoja baada ya mradi kwisha, kwa sababu aliyezijenga aliandikisha anwani kwa jina lake, akaondoka na nywila, na ada haikulipwa. Huko si kumsaidia msanii. Anwani iandikishwe kwa jina la msanii au kikundi, nywila iandikwe kwenye daftari linalotunzwa na mweka hazina, na baruapepe ya kurejeshea nywila iwe ya kikundi. Kijana anayepiga picha na kuandika alipwe asilimia iliyokubaliwa kwa maandishi kwa kila kinachouzwa, naye afundishe mwingine mmoja ndani ya kikundi. Fundi wa steshenari anayejua kompyuta ni hazina kubwa kwa mji kama Ifakara, lakini asigeuzwe kuwa mlango pekee.

Kuhusu sheria nitasema machache. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya msanii huanza pale tu kazi inapoundwa. Kuisajili kazi COSOTA, taasisi ya hakimiliki, humsaidia kuthibitisha siku ya ugomvi. Aliyenunua mchoro amenunua kitu kile, hajanunua ruhusa ya kuuchapisha kwenye fulana. Kwa upande wa blogu, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai ada ya maombi ya shilingi 100,000, leseni ya 1,000,000 na nyingine 1,000,000 kila mwaka, na waandishi wengi wa blogu walizifunga. Kanuni hizo zimebadilishwa tangu wakati huo, mwaka 2020 na tena 2022, kwa hiyo kikundi kiulize Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kabla ya kuanza, kisiishi kwa hofu ya habari za zamani.

Malipo ya ndani hayana shida tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008. Mteja wa Dar es Salaam akituma fedha jioni, mzigo unapanda basi la asubuhi, naye anaupokea stendi ya Magufuli, Mbezi. Mteja wa nje anaweza kutuma kupitia benki au huduma za kutuma fedha kwenye simu kama WorldRemit. Kuna utapeli mmoja ambao wachoraji wa nchi nyingi wameupata: "mnunuzi" anasifu kazi, anatuma hundi yenye kiasi kikubwa kuliko bei, kisha anaomba arudishiwe ziada haraka ili amlipe msafirishaji. Wiki kadhaa baadaye hundi inakataliwa na benki, na ile ziada imekwenda. Mzigo usitoke, wala senti isirudishwe, mpaka benki yenyewe ithibitishe kwamba fedha zimeingia na haziwezi kurudi.

Sehemu ya tatu itahusu ufungaji wa mizigo, kuanzia mchoro unaokunjwa ndani ya bomba la karatasi ngumu mpaka kinyago. Nitaeleza pia masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, juu ya mpingo, ambao tangu Januari 2017 umo katika orodha yake ya pili, na nafuu ya kilo 10 kwa kila mzigo iliyotolewa baadaye kwa vitu vilivyokwisha kuchongwa. Wachongaji wanaotaka kuuza nje wasitume kitu kabla ya kuisoma sehemu hiyo.